Aliyemsema Perusi

Mukendo, Musoma
Jumamosi, mchana

Nyangeta mwanangu,

Baba yako amelifunga begi lako mara mbili na kulifungua mara mbili, kwa hiyo habari za shuka, vyeti na vidonge vya malaria sitazigusa. Wewe uko Butiama umeenda kumuaga baba yako mdogo, na najua hawatakuachia urudi kabla hujala. Nina mchana mzima wa kuandika. Barua hii nitaiweka kati ya nguo zako, na naomba usiifungue mpaka basi liwe limepita Bunda. Sababu ya kutaja Bunda utaiona.

Juzi baba yako mdogo alipopita hapa alikuuliza, "Hiyo sosholojia unayoendea chuo kikuu inatibu nini?" Ukamjibu, "Haitibu, baba. Inauliza tu." Yeye alicheka, akasema serikali inapoteza chakula kwa wasomi wa hivyo. Mimi nilikuwa namenya ndizi pale jikoni, nikaacha kisu. Nilitamani kutoka nje niwaite majirani waje wakusikie. Miaka ishirini na zaidi ya kuwauguza wagonjwa wa akili, sijawahi kuieleza kazi yangu kwa maneno machache hivyo.

Lakini sikuandikii ili nikusifu peke yake. Nina jibu lako ambalo sikukupa.

Jumapili iliyopita tulikwenda pamoja kwenye ule mkutano wa kampeni. Unamkumbuka yule msemaji mwenye shati jeupe. Alianza taratibu, akauliza nani ametufanya maskini, halafu akaanza kuwataja: watu wa madukani, watu wa ng'ambo ya mpaka, watu wa kabila fulani. Kila alipotaja, uwanja ulinguruma. Na mimi nilinyoosha mkono nikapiga kelele. Mama mtu mzima, mzee wa kanisa, nilipiga kelele mpaka kilemba kikalegea. Ukanishika bega ukaniuliza, "Mama, unamkasirikia nani hasa?"

Nikakuambia kelele ni nyingi, sikusikii. Nilikusikia, Nyangeta. Nilikusikia vizuri sana.

Nilipokuwa msichana wa umri wako nilipelekwa Dodoma kusomea uuguzi wa akili. Tulikuwa na mwalimu mmoja, daktari mfupi mwenye koti lililochakaa viwiko. Alitueleza habari za daktari wa zamani wa Ulaya aliyewalaza wagonjwa wake kwenye kochi na kuwaacha waseme lolote linalowajia, yeye akisikiliza tu. Tukacheka. Mwenzetu mmoja akauliza, "Kwetu nani ana kochi, daktari?" Akajibu, "Mna mikeka. Tatizo lenu si kochi, tatizo lenu hamsikilizi."

Alikuwa na mgonjwa mmoja wodini, mzee aliyekuwa akiamka kila siku akiwatuhumu wenzake kwamba wamemwibia ng'ombe. Sisi wanafunzi tulikuwa tunabishana naye: mzee, hapa hospitali hakuna ng'ombe. Daktari akatukataza. "Msibishane naye kuhusu ng'ombe. Muulizeni habari za baba yake." Tukamuuliza. Ilichukua majuma mengi. Mwishowe mzee akasema kwamba baba yake alipokuwa kitandani anakufa, yeye alimchukua ng'ombe wa mwisho pale zizini akaenda kumuuza kwa siri. Mwizi wa ng'ombe alikuwa yeye. Hakuweza kuishi akijua hivyo, basi kila asubuhi alimtafuta mwizi kwenye uso wa mtu mwingine.

Daktari akatuambia, "Kitu ambacho mtu hataki kukijua juu yake hakifi. Kinatoka kwa njia nyingine. Kinatoka kwenye ndoto, kwenye ulimi unaoteleza, kwenye ugonjwa ambao kipimo hakiuoni. Na msidhani ni wagonjwa tu. Kijiji kizima kinaweza kuumwa hivi. Nchi inaweza." Niliyanakili yote kwenye daftari langu kwa wino wa buluu. Katika mtihani wa somo lile nilikuwa wa kwanza darasani.

Nakuambia hivyo ujue kwamba nilichokifanya baadaye sikukifanya kwa kutokujua.

Mama mkubwa Perusi unamfahamu. Unachokifahamu ni chakula chake cha Jumapili kule Nyasura, Bunda, miaka yote sita ya shule, na sauti yake ya kukemea. Usichokifahamu ni kwamba hana undugu na sisi wa damu hata kidogo. Mimi na yeye tumetoka kijiji kimoja kule Majita, tukaja Musoma pamoja tukiwa wadogo kusoma darasa la tano, tukalala mkeka mmoja kwa shangazi yangu. Alikuwa na akili kunizidi. Lakini kwao hawakuona faida ya kumsomesha binti, akaishia darasa la saba, mimi nikaendelea. Nilipata gauni jeupe na saa ya kubandika kifuani. Yeye akaolewa hapa hapa Mukendo, akaanza kuuza vitu vidogo vidogo.

Halafu ikaja ile miaka ya kukosa. Ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka foleni tu. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta hakuna, hata mawe ya redio, yaani betri, hakuna. Hospitalini tulikuwa tunafua shuka za wagonjwa kwa majivu na maji ya ziwa. Vitu vilikuwepo, ila vilikuja kwa kificho kutoka Sirari mpakani au kwa mitumbwi, na Perusi alikuwa anavijua vinakopita.

Wewe ukapata upele. Mwili mzima, mpaka kati ya vidole, ukawa unajikuna hadi damu inatoka. Mimi muuguzi, sina kipande cha sabuni cha kumwogeshea mwanangu. Perusi akaja siku moja saa nne, akatoa kwenye khanga sabuni moja ya kuogea, nyekundu, inanukia waridi. Akasema, "Mwogeshe mtoto. Usiseme kwa watu." Akaondoka hata chai hakunywa.

Nilikuogesha kwa sabuni ile, upele ukakauka. Nusu iliyobaki niliifunga kwenye kitambaa nikaificha kwenye sanduku langu chini ya kitanda.

Ungetegemea nimshukuru. Nilimshukuru kwa mdomo. Lakini ndani kuna kitu kilinichoma, na sikukitazama. Mimi niliyesoma Dodoma, mwajiriwa wa serikali, ninayefuata sheria, nisiyenunua cha magendo, nimepewa sabuni na Perusi wa darasa la saba. Kila nilipomwona anapita na khanga mpya nilijisemea, huyu ni mnyonyaji. Nilianza kutopita mlangoni kwake. Nilikuwa na uchungu ambao niliuita uzalendo.

Mwaka ule wa msako, redio iliposema wahujumu uchumi wasakwe nyumba kwa nyumba, tuliitwa kwenye mkutano wa tawi la chama, darasani pale shule ya msingi. Watu waliogopa, na wengine walifurahi. Wengi tulikuwa na vyote viwili. Tulikuwa tumechoka kukosa, na sasa tumeambiwa kukosa kwetu kuna sura, kuna jina, kunaishi mtaa wa pili. Usiku wa kuamkia mkutano wenye magendo walikuwa wametupa vitu vingi sana ziwani kwa hofu, na asubuhi watoto waliokota vitambaa ufukweni. Mwenyekiti akauliza nani ana la kusema. Nikasimama mimi.

Nilizungumza vizuri mno. Nilisema wapo wanaooga vizuri wakati watoto wa wenzao wana upele. Nilisema wanatunyonya. Nikasema, "Tutaitafuta sabuni yangu mpaka chini ya vitanda!"

Mwenyekiti akanitazama. "Sabuni yako, dada?"

"Sabuni yao," nikasema. "Sabuni yao." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mwanafunzi wa kwanza wa darasa la Dodoma, ulimi umeniteleza mbele ya tawi zima, na sikujisikia.

Kesho yake mchana, nilipotoka zamu, nilikwenda ofisi ya tawi nikamtaja Perusi. Nikataja vitenge, nikataja mawe ya redio, nikataja sabuni ya waridi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitoka pale nikitembea mwepesi kama mtu aliyepona homa.

Mgambo walikuja asubuhi na askari wawili. Mtaa mzima tulisimama nje. Walitoa katoni mbili, vitambaa, na sufuria mpya. Baadhi ya watu walipiga makofi. Perusi alitoka akiwa amefunga khanga yake vizuri, hakumtazama mtu yeyote. Wewe ulikuwa umenishika gauni. Ukaniuliza, "Mama, nani amemsema mama mkubwa?" Nikakujibu, "Maadui wa mtu hawakosekani."

Hilo ndilo jibu nililokupa ukiwa na miaka minane.

Alikaa rumande miezi. Kisha wakamwachia, hakukuwa na kesi ya maana. Lakini mume wake alikuwa amesharudi kwao, amesema hataki mke wa magereza. Na hapa Mukendo hakuweza kuishi tena, maana waliompigia makofi ndio wangekuwa majirani zake. Kaka yake akampa chumba Nyasura. Akaondoka asubuhi moja na godoro juu ya mkokoteni, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Tangu hapo mikono yangu ikaanza kuwasha. Unakumbuka zile dawa za kupaka, kopo juu ya kopo? Daktari wa ngozi alinitazama, hakuona kitu. Ngozi safi kabisa. Mgonjwa angekuja kwangu na mikono ile ningemuuliza taratibu, "Mama, mikono hii ilifanya nini?" Mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilijipaka dawa miaka mitano.

Mambo yakabadilika. Biashara ikaruhusiwa. Siku moja nilikwenda sokoni, nikakuta wanawake wamepanga sabuni chini kwenye maturubai, marundo na marundo, nyekundu, za kijani, na ile ya waridi. Wanaziuza juani, wanaita wateja, na askari anapita ananunua yake. Nilisimama pale mpaka mwuzaji akaniuliza, "Mama, unachukua au unaangalia tu?" Kitu alichofungiwa Perusi sasa ni cha kuitia wateja. Kama ni haramu imekuwaje halali, na kama ni halali, nini kilikuwa kinanikasirisha?

Hapo ndipo nilipolisikia neno langu, Nyangeta. Sabuni yangu. Katikati ya soko, baada ya miaka mitano, nikalisikia.

Juma lililofuata nilipanda gari kwenda Bunda. Nilimkuta Perusi uani kwa kaka yake, anamenya mihogo. Hakusimama.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Kaa hapo. Kigoda ndicho hicho."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi njiani. Nikasema tu, "Perusi, ni mimi niliyekusema."

Akaendelea kumenya. "Mbona nilijuaga siku nyingi."

"Ulijuaje?"

"Askari waliniuliza, ile sabuni ya waridi iko wapi? Ile nilikuwaga nayo mbili tu. Moja nilioga mimi, moja nilikupa wewe. Nani mwingine angeijua?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba nyingine iko kwangu. Hapo ndipo aliponitazama.

"Ningesema, wangekuja kupekua kwako. Wangeikuta. Na wewe wangekuchukua. Baba yake kutwa yuko kazini, mtoto angebakia na nani, na upele wake ule ndio kwanza umekauka?"

Nililia. Akaniambia, "Usinililie hapa. Mimi nimechoka kubembeleza watu." Akasukuma beseni la mihogo kwangu na kisu cha pili. Tukamenya. Mihogo ikaisha. Nilipoinuka kuondoka nikamwomba anisamehe. Akasema, "Bado. Ikifika nitakuambia." Kisha akauliza unasoma darasa la ngapi. Nikamwambia umechaguliwa sekondari ya bweni, hapo hapo Bunda. Akafikiri kidogo. "Basi Jumapili atakulaga kwangu. Yeye hajanikosea."

Sasa unajua ulikuwa unakula wapi.

Sitakudanganya kwamba mikono iliacha kuwasha siku ile. Ilipungua pole pole, na mpaka leo kuna siku inaanza tena. Jumapili ile uwanjani iliwasha.

Nilitaka nikueleze sehemu ya Perusi kwanza ili uelewe furaha niliyokuwa nayo ulipofika kidato cha tatu. Wewe unadhani habari ya shuleni kwenu mwaka ule niliisikia kwa mkuu wa shule. Hapana. Niliisikia kwa Perusi. Alikuja mwenyewe hapa Mukendo, mara ya kwanza tangu godoro lile lipande mkokoteni. Alisimama mlangoni na kikapu chake, saa tano asubuhi, akasema, "Sijaja kukusalimia wewe. Nimekuja kukuambia habari za mtoto."

Akanieleza wasichana walivyokuwa wanaanguka. Mmoja paredi, wawili darasani, kesho yake kumi. Wanapiga kelele, wanakakamaa, watu wanasema ni mapepo. Mchungaji ameombea, mganga ameitwa kwa mlango wa nyuma, bado wanaanguka. Kisha wakaanza kuuliza nani amewatuma. Wakamwona Wegesa, yule binti mpole wa Mugeta, kwa sababu bwenini kwenu wote waliolala karibu naye walianguka, yeye hakuanguka. Hiyo tu. Wakalitupa godoro lake nje kwenye matope. Walimu nao walikuwa wameshaandika barua ya kumrudisha kwao, si kwa ubaya, ila ili kelele ziishe.

"Mwanao," Perusi akasema, "akatoka akalichukua lile godoro kichwani, likimchuruzikia matope, akalirudisha ndani. Akasogeza kitanda chake karibu na cha yule mtoto. Akawaambia, anayemtaka Wegesa aanze na mimi."

Wewe hukuwahi kunieleza habari ya godoro. Ulinieleza tu kwamba ulikuwa unakaa na wale walioanguka, kwenye chumba cha wagonjwa, na hukuwauliza habari za mapepo. Uliwauliza, "Likizo ikifika unaenda wapi?" Swali dogo hivyo. Na yule wa kwanza, Nyabwire, akaanza kulia kilio cha kawaida, cha mtu mzima wa akili, akasema baba yake ameshapokea ng'ombe wa mahari, akirudi nyumbani anaozwa atake asitake na shule imekwisha. Wa pili naye vile vile. Wa tatu kaka yake amepunguzwa kazini, nyumbani wamesema mwaka ujao wa kusoma ni mdogo wake wa kiume. Kila mmoja alidhani ni yake peke yake. Hakuna aliyeweza kumtaja baba yake. Kumtaja Wegesa waliweza.

Ulikwenda kwa matroni, matroni akaenda kwa mkuu, wazazi wakaitwa. Haikuisha vizuri yote. Nyabwire aliolewa hata hivyo, na najua bado unamlilia. Lakini wawili walibaki shuleni, kuanguka kukapungua mpaka kukaisha, na Wegesa alimaliza kidato cha nne na ninyi.

Mimi sikuwa nimekufundisha lolote la Dodoma. Daftari langu liliisha kwa mchwa hata hujajua kusoma. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umesimama mahali pale pale nilipowahi kusimama mimi, kundi linakuomba jina, na hukulitoa. Nilikaa kwenye kiti nikamwangalia Perusi.

Akaniambia, "Huyu mtoto hakufanana na wewe."

Nikasema, "Najua. Namshukuru Mungu."

Akacheka. Tangu tukiwa wasichana sikuwa nimemsikia akicheka nami. Kisha akavuta kiti, akasema, "Sasa leta chai."

Kuna lingine, na hili lilitokea ndani ya nyumba hii. Karakana ya serikali alikofanya kazi baba yako ilipofungwa, wewe ulikuwa shuleni ukijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, tukakuficha. Miaka kumi na minane alikuwa fundi pale. Siku moja wakasomewa majina, wakapewa barua, geti likafungwa kwa mnyororo. Jumatatu iliyofuata baba yako akaamka, akavaa ovaroli, akasema, "Naenda kazini." Nikamtazama anaondoka. Kule alikuwa anakaa kwenye gogo nje ya geti na wenzake wanne, wanaongelea magari yaliyomo ndani, lipi linadai nini, mpaka saa tisa na nusu, halafu wanarudi nyumbani. Miezi mitatu. Nilikuwa namfulia ovaroli lisilo na grisi. Sikusema neno. Nilijiambia namlinda, lakini nilikuwa naogopa. Hata mimi sikutaka kujua kwamba ile serikali iliyokuwa inatushika mkono kuanzia zahanati mpaka jeneza imetuachia mkono.

Wewe ulipomaliza mtihani ukarudi, ukaona siku mbili. Ya tatu ukapakia ugali na dagaa kwenye bakuli ukampelekea kule kwenye gogo. Mwenyewe alinisimulia. Ulikaa naye, ukasubiri ale amalize. Ukasema, "Baba, karakana imekufa. Mbona hatujakaa msiba?"

Alilia mbele ya wenzake, na wenzake wakalia. Wanaume watano kwenye gogo mchana wa jua kali. Alirudi nyumbani saa nane badala ya saa tisa na nusu, akavua ovaroli, akaniambia nimnyoe nywele zote, kama tunavyofanya baada ya kuzika. Nikamnyoa. Siku tatu watu walikuja kukaa naye uani, nikapika. Juma lililofuata ndipo alipoanza kuwatengenezea wavuvi injini za mitumbwi, kazi inayotulisha mpaka leo.

Nimewaona wengi ambao hawakuulizwa swali hilo. Ukiwaangalia watu pale uwanjani, wengi wamepoteza kitu na hakuna aliyekaa nao msiba. Wengine wamepoteza kazi, wengine wamepoteza ile imani kwamba kuna mkubwa mahali fulani anayejua tunakokwenda. Sasa anakuja mtu na shati jeupe, anawapa wa kumchukia, na kwa nusu saa uchungu unapata mahali pa kwenda. Siwacheki. Mimi ni mmoja wao. Ulipouliza namkasirikia nani, jibu ni kwamba nilikuwa najikasirikia mwenyewe, kwa sababu unaondoka, na sikuwa nimekuambia, na niliona aibu kwamba unanipenda bila kujua.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyasura kumwomba Perusi ruhusa ya kukuandikia. Aliniambia, "Mwambie. Lakini usijipambe." Nimejitahidi. Nikiisoma barua hii naona bado nimejipamba kidogo hapa na pale, utapaona mwenyewe. Nilimuuliza pia kama ile siku ya kunisamehe imefika. Akasema bado, ila ameacha kuitafuta.

Huko unakokwenda utafundishwa haya kwa majina makubwa, na walimu wako watajua mengi ambayo yule daktari wa koti bovu hakuyajua. Utajifunza kuwasoma viongozi, makanisa, vyama, kabila zima. Utakuwa hodari, sina wasiwasi. Nina ombi moja tu kama mama. Mimi niliyajua yote hayo juu ya wengine, na nikawa wa kwanza katika mtihani. Jifunze pia kukaa na mtu mmoja anayeweza kukuambia habari zako wewe mwenyewe.

Na ukirudi likizo, ukiona ndani yangu kitu ambacho mimi sikioni, usininyamazie kwa heshima. Niambie. Nitakukatalia kwanza, nitakukasirikia, huenda nitaondoka mezani. Wewe endelea kula. Nitarudi.

Mama yako anayejivunia,
Tabu